Bwana Nukta na Kamera ya Mama

Kaka yangu ni fundi wa vitasa. Ukitaka kumkasirisha, mwambie mlango wako hauhitaji kufungwa kwa sababu huna cha kuibiwa. Atakushikilia pale kaunta, tupa ya kusugulia funguo mkononi, akueleze haki ya mtu kuwa na mlango, haki ya mlango kuwa na kitasa, na haki ya kitasa kutofunguliwa na mtu ambaye hakukaribishwa, mpaka ufunguo uliokuja kuchongesha uusahau. Wako waliousahau kweli. Funguo zao tunazo kwenye kopo, hatujui ni za nyumba zipi.

Mimi niko chumba cha pili, tunagawana ukuta, nashona mapazia. Kwa hiyo sisi ni familia ya kufunga: yeye milango, mimi madirisha. Baba ndiye aliyeanza kazi ya vitasa. Alipofariki, kaka alirithi mashine ya kuchonga funguo pamoja na ubishi, mimi nikarithi ubishi peke yake, nikajitafutia cherehani. Dada yetu mkubwa ni muuguzi, anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Yeye alirithi sauti ya kutoa amri.

Zamani kaka alibishana na watu wa hapa hapa. Muuza magazeti alimvumilia, kinyozi wa mbele akamvumilia, halafu taratibu nikaanza kuona watu wazima na akili zao wakivuka barabara kabla ya kulifikia duka letu. Wanapita juani upande wa pili, wakishatupita wanarudi kivulini. Kaka alidhani watu wa mtaa huu wameishiwa hoja. Ndipo akapata simu yenye kioo kikubwa, akagundua jukwaa la mtandaoni ambako watu wasiojuana hukutana kubishana juu ya teknolojia, sheria na jamii, na kule hakuna hata mmoja awezaye kuvuka barabara.

Basi akahamia huko. Je, mashine inaweza kumhukumu mtu? Je, bosi ana haki ya kusoma simu ya mfanyakazi wake? Picha uliyopigwa barabarani ni mali yako au ya aliyekupiga? Sijui nani aliwapa kazi ya kuyajibu haya, lakini wanaifanya kwa bidii kuliko kazi zinazowalisha. Mjadala mmoja wanauita uzi. Mimi ninayeshinda na uzi kutwa nzima nawaambia, uzi wenye mafundo kiasi kile mshonaji angeutupa.

Tatizo la kaka ni vidole. Vina grisi, vina vumbi la chuma, na kioo cha simu hakivitaki. Kwa hiyo haandiki, anasema, na simu inamwandikia. Na kwa kuwa Baba alitufundisha kusoma kwa kuheshimu vituo, kaka hutamka na vituo vyenyewe. "Faragha ni haki ya msingi mkato si zawadi nukta." Simu, bila kujua inafanya nini, ikaandika yote kama ilivyosikia. Wageni wa jukwaani wakadhani ndiyo staili yake, wakambatiza Bwana Nukta. Wifi yangu, mkewe, alijaribu kumwonyesha namna ya kuzuia jambo lile. Akakataa katakata. Jina limeshapatikana, utaliachaje.

Sasa fikiria vichekesho vya dunia. Mtetezi mkuu wa faragha anatoa siri zake zote kwa sauti ya mtu anayeita basi. Wateja wangu wanakuja kupimiwa madirisha, wanatega sikio ukutani, wananiuliza, "Leo Bwana Nukta amefika wapi?" Nawaambia jana aliishia kwenye kamera za barabarani, leo atamalizana na Jirani Mwema.

Huyo Jirani Mwema ndiye mpinzani wake mkubwa. Hatumjui sura, hatujui anaishi wapi, tunajua tu kwamba anapenda kamera. Siku moja aliandika kwamba asiye na la kuficha haogopi kuonwa. Kaka akavuta pumzi mpaka nikaisikia huku kwangu, akajibu, "Basi kesho asubuhi vua mapazia ya chumbani kwako mkato halafu uje hapa tuendelee nukta." Nilicheka nikajichoma sindano. Nikamwomba ruhusa niyaandike maneno hayo kwenye ubao wangu wa nje, akaniambia yana haki miliki.

Halafu yupo mwingine anayejiita Kifungu. Huyo hana upande. Kazi yake ni kuwaambia wenzake sheria inasemaje, na wakishaanza kuelewana, anawaletea sheria nyingine.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kwa amani ya kelele, mpaka Mama alipoanguka.

Mama anakaa kwenye nyumba ile ile tuliyokulia, nyuma ya soko, peke yake tangu Baba aondoke. Ana kiti chake koridoni, pale upepo unapopita kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, na akikaa hapo anajua nani kapita, nani karudi, na nani kapita mara mbili bila sababu. Siku hiyo nilifika mchana kumrudishia mapazia ya sebuleni niliyoyafua. Nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu kainyoosha. Nikamwuliza kulikoni. "Napumzika," akasema. Alikuwa anapumzika hapo tangu asubuhi. Mkono umeteguka, simu iko chumbani. Nilipiga magoti nimnyanyue, na yeye akaniuliza kama yale mapazia nimeyapiga pasi.

Dada mkubwa akaja na basi la kwanza, na boksi mkononi. Ndani ya boksi, kamera. Alimfunga Mama mkono vizuri kabisa, huyo kazi yake anaijua, kisha akatuita mimi na kaka jikoni akatoa hukumu. Ama kamera iwekwe, ama Mama ahamie kwake. "Mwisho wa mwezi nina likizo. Nikija nikakuta boksi halijafunguliwa, naondoka naye. Sitaki maneno." Akasafiri kurudi kazini.

Kwa Dada ni kuzuri, sisemi. Kuna lifti, kuna maji saa zote. Lakini Mama aliwahi kukaa huko, akarudi amekonda. Alisema kule mtu akigonga mlango, basi amekosea nyumba. Nilijua akiihama korido yake safari hii hatarudi tena kuwa yule tunayemjua, na niliogopa. Sikuwa na utani wowote na jambo hilo.

Nikamfuata kaka dukani. "Tunafanyaje?"

"Kamera ndani ya nyumba ya Mama? Labda niwe nimezikwa."

"Kwa hiyo ahame."

"Nimesema hivyo?"

"Hutaki kamera, hutaki ahame. Kaka, unataka nini?"

"Nataka kanuni," akasema. "Jambo kama hili huwezi kuliamua kwa hofu."

"Hiyo kanuni ndiyo itakayomnyanyua sakafuni?"

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu asiyeelewa mambo makubwa, akachukua simu. "Ndugu zangu mkato," akaanza, "tuseme yupo mama mmoja mkato tumwite Mama X nukta."

Weee, moto ukawaka. Sijapata kuona watu wasiomjua mtu wakimjali kwa ukali namna ile. Mmoja akataka Mama X avalishwe bangili inayopiga kelele akianguka. Baadaye ikajulikana anauza bangili. Mwingine akauliza kama Mama X ana akili timamu, na kaka akashindwa kula siku hiyo, kajisikia katukanwa yeye. Kifungu akatafuta, akatafuta, akarudi na habari kwamba sheria inazungumza juu ya maofisi, maduka na barabara, lakini juu ya korido ya mama mzazi haisemi kitu. Alisikitika sana. Jirani Mwema ndiye aliyekuwa na maneno machache. Kila siku aliandika yale yale: wekeni leo, msingoje. Kaka alimjibu kwa kurasa nzima nzima.

Siku zikaenda. Boksi la kamera likabaki juu ya kabati sebuleni kwa Mama, na Mama akawa analifuta vumbi kila asubuhi pamoja na vyombo vingine. Mwisho wa mwezi ukaanza kunukia. Na katika watu wote wale wa jukwaani, na katika sisi wa nyumbani wenye midomo hii, hakuna aliyekuwa amemwuliza Mama X anasemaje.

Usimnyime kaka haki yake, kwa Mama anakwenda. Kila Jumapili anafika, anasalimia, anakaa kwenye kochi, anakunywa chai, kisha anatoa simu. Jumapili hiyo mimi nilikuwa juu ya kigoda nikitundika yale mapazia. Mama alikuwa koridoni kitini mwake, mlango wa sebule uko wazi. Kaka amekunja miguu, amefumba na macho, yumo.

"Suala si usalama wa Mama X mkato suala ni utu wake nukta Jirani Mwema anatuharakisha mkato lakini haraka haraka haina—"

"Usimseme vibaya Jirani Mwema," sauti ikatoka koridoni.

Kaka akafumbua macho. Mimi nikashika chuma cha pazia kwa mikono miwili.

"Ana haraka, ni kweli," Mama akaendelea, "lakini ana uchungu na mtu, nausikia kila unapoyasoma maneno yake kwa sauti. Yule wa vifungu ndiye simwelewi. Kila Jumapili anatafuta kitu na kila Jumapili hajakipata."

"Mama," kaka akasema polepole, "wewe haya umeyajuaje?"

"Nimeyajuaje? Baba, unaongea na ulimwengu mzima kutokea kwenye kochi langu, halafu unaniuliza nimejuaje. Kwani Mama X si mimi? Au kuna mwanamke mwingine aliyeanguka kwenye korido hii?"

Hapa lazima nieleze. Mama alikuwa opereta wa simu, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mji mwingine unaomba laini, na mtu anachomeka waya kwenye tundu. Maisha yake yote ya kazi alikaa mbele ya matundu yale, vifaa masikioni. Masikio hayo hayajastaafu. Kaka, mtu wa faragha, alikuwa amemsahau opereta aliyemzaa.

Alishtuka, na katika kushtuka kule kidole chake chenye grisi, ambacho siku zote simu hukikataa, kikagusa pa kutuma, na siku hiyo simu ikakikubali. Ilikuwa bado inasikiliza na kuandika. Maneno yote ya Mama, tangu Jirani Mwema hadi korido, yakaenda jukwaani kwa jina la Bwana Nukta, bila nukta hata moja.

Kaka aliinuka, akakaa, akainuka. Akataka kuyafuta, hakujua yanafutwaje. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa chini nicheke vizuri. Majibu yakaanza kuingia, simu inatetemeka mezani, na kaka hataki kuiangalia. Nikaichukua mimi, nikasoma la kwanza. Lilikuwa la Jirani Mwema. Aliandika: "Shikamoo, Mama X. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Niliacha kucheka. Nikalisoma kwa sauti ili Mama asikie, na nilipomtazama kaka nikaona amekunja uso, ameumia. Mtu asiyemjua Mama, asiyewahi kunywa maji ya nyumba ile, ndiye aliyemwuliza.

"Marahaba," Mama akajibu kutoka koridoni. "Huyo kalelewa. Nileteeni hiyo simu."

Tukampelekea. Kaka akamshikia mdomoni.

"Mwanangu Jirani Mwema," akasema Mama, "hapa nyumbani sitoki."

"Nukta," kaka akasema kwa mazoea.

"Usiniwekee nukta zako, sijamaliza. Kamera waiweke. Waiweke hapa koridoni, maana ndipo ninapoangukia. Chumbani hapana, bafuni hapana, sitaki kuulizwa sababu. Na anayefungua kuniangalia aseme. Kazini kwetu opereta akiingia kwenye maongezi ya watu alitakiwa aseme, niko kwenye laini. Asiyesema alifukuzwa, na mimi nimeona watu wakifukuzwa. Nikimaliza hapo, na wao waweke zao."

"Zetu zipi?" nikauliza.

"Moja dukani kwa kaka yako, moja kwenye cherehani yako, moja jikoni kwa dada yenu. Mnione, na mimi niwaone."

Kaka aliishusha simu. Akasema, "Mama, kuna haja gani? Mimi si nakuja kila Jumapili?"

"Unakuja. Unageukia simu, mimi nakaa huku nakiangalia kisogo chako. Kisogo nakijua sana, kuna upara unaanza hapo nyuma. Ni uso ndio nimeanza kuusahau."

Alilisema kwa utani, kama anavyosema kila kitu. Lakini kaka aliinama akawa anafuta grisi vidoleni kwa kitambaa, na aliendelea kufuta muda mrefu baada ya vidole kuwa safi.

Tukampigia Dada mkubwa, sauti ikiwa wazi tusikie sote. Akafurahi kweli. Koridoni sawa, chumbani na bafuni basi, kusema unapofungua ni jambo jema sana, Mama ana busara. Mama akamwambia na la jikoni kwake.

"Jikoni kwangu?" Dada akasema. "Mama, mimi jikoni naingia na nguo ya kulalia. Shemeji yao anapita, watoto wanapita. Hii ni nyumba ya watu."

"Na hii ni ya nani?" Mama akauliza.

Mkuki kwa nguruwe, nilijisemea, lakini nikauma ulimi. Kaka hakuuma wa kwake. Aliisogelea simu akasema, "Dada, karibu upande wetu. Tulikuwa tunakungoja." Dada akamwambia kaka aende akachonge funguo. Aliomba muda wa kufikiri, na kabla ya siku mbili kupita akapiga kusema sawa, ila iangalie upande wa meza, si upande wa masinki, maana huko kuna vyombo havijaoshwa.

Kufunga kamera ya Mama kulichukua asubuhi nzima. Kaka alipanda, akashuka, akaisogeza unywele mmoja kushoto, akapanda tena, mpaka akahakikisha inaona korido yote na haioni hata ubavu wa mlango wa chumbani. Halafu akasoma masharti ya kampuni ya kamera kwa sauti, yote, na Mama akasinzia. Alipozinduka akauliza kama kuna anayefungishwa ndoa.

Dada alipokuja likizo akakuta boksi liko wazi na Mama yuko kitini, tableti ya kutuonea sisi magotini, maana na kamera zetu zilikuwa zimeshafungwa. Alikaa wiki yake, akaondoka peke yake. Pale stendi alinikumbatia zaidi ya kawaida yake.

Hapo ndipo taabu zetu zilipoanza. Opereta karudi kazini. Kaka yuko katikati ya hoja, macho yamefumba, dukani inaingia sauti: "Niko kwenye laini, baba. Una mteja." Anafumbua macho, kweli mteja kasimama, kakata tamaa, anajisomea bei za makufuli. Kwangu: "Niko kwenye laini. Kaa wima, mgongo huo utaulilia uzeeni." Muuza magazeti na kinyozi wameanza kupita tena upande wetu wa barabara, kwa sababu mzozo ukizidi wanamlalamikia Mama, na Mama anaamua. Kaka anasema huu ni ufuatiliaji usio na mahakama. Anayasema kwa sauti ya chini, akiwa amegeuka upande ambao kamera haifiki.

Na jikoni kwa Dada, Mama aliona kitu ambacho sisi hatukukijua. Dada akirudi zamu hula amesimama, sufuria mkononi, kijiko kinakwangua, peke yake, wengine wameshakula. Mwanamke anayeamrisha wodi nzima. Mama hakumsema. Alianza tu kuchelewesha chakula chake, na Dada akiingia jikoni anasikia, "Niko kwenye laini. Vuta kiti, nami nimeketi." Wanakula pamoja hivyo, kila mmoja mezani kwake. Dada aliponihadithia alicheka, halafu akasema ana mafua.

Sisi nasi tunafuata sharti. Ukifungua kamera ya Mama kunawaka kitaa cha buluu, na unasema, "Niko kwenye laini, Mama." Kaka husema, "Niko kwenye laini Mama nukta." Anajua itamchekesha.

Juzi alasiri nilimsikia ukutani akiwaeleza wa jukwaani mwisho wa habari. Walikuwa wanamwulizia Mama X kila siku, akaona awatendee haki. Alisema yote, sharti la laini, jikoni kwa Dada, hata kisogo chake alikisema, jambo ambalo sikulitegemea. Simu ikatetemeka kaunta, majibu yanaingia. Kisha nikasikia, "Ndugu yangu Jirani Mwema mkato," na baada ya mkato ule hakikufuata kitu.

Nilingoja. Kaka kuachia mkato ukining'inia namna ile si kawaida. Nikaenda. Alikuwa amesimama kaunta, akanipa simu. Jirani Mwema alikuwa ameandika hivi: "Nimefurahi kwa Mama X. Mama yangu alianguka jikoni kwake. Sisi tuko watano, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amempigia. Tulikuwa tumegombana nani akae naye, hatukuwa tunasemeshana. Aligundulika baada ya siku mbili. Ndiyo maana nilikuwa nakuharakisha, Bwana Nukta. Unisamehe."

"Nimjibu nini?" kaka akaniuliza.

Miaka yote hiyo alimshinda mtu yule kwa hoja, na hoja zake zilikuwa nzuri, mpaka leo nasema zilikuwa nzuri. Aliichukua simu, akaandika kwa vidole mwenyewe, taratibu, akifuta kioo kila mara: "Pole sana ndugu yangu." Akaiweka simu kwenye droo. Akashusha mlango wa duka na jua bado liko juu, akaenda zake.

Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na pindo refu la kumalizia, lakini mkono haukutaka. Nikafungua simu yangu, nikafungua kamera ya Mama, na kwa jinsi nilivyokuwa na mawazo, sikusema lolote.

Mama alikuwa kitini, ameinamia tableti, amekunja uso. Mlango wa mbele ukafunguliwa, kaka akaingia. Mama hakuinua kichwa.

"Ngoja kidogo," akamwambia aliyeingia, hata hakumtazama ni nani. "Namtafuta mwanangu. Duka lake limekuwa giza."

"Niko hapa, Mama."

Akainua macho. Alimtazama muda mrefu, uso wote, kama mtu anayeuhesabu. Kisha akaifunika tableti magotini, kioo chini. Kaka hakwenda kwenye kochi. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, pale pale nilipomkuta Mama siku ile. Mikono yake ilikuwa mitupu. Wakaanza kuongea, sauti chini, juu ya Baba nadhani, maana Mama alikuwa anaonyesha kwa vidole namna mtu anavyosukuma tupa. Nilishindwa kufunga. Nilikaa naangalia.

Mama akanyamaza katikati ya neno. Akatazama juu, pale kitaa cha buluu kinapowaka.

"Nani yuko kwenye laini?"

"Ni mimi, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mlango ulipofunguliwa."

Nilingoja kufukuzwa kazi. Kaka naye alikuwa amegeuka kuitazama kamera, anatabasamu, uso wote unaonekana.

"Basi kata," Mama akasema. "Kata, uje."

Nikakata. Nikaacha pindo chini ya sindano, nikafunga mlango, nikaenda.